SOMO: Umetatua maswali mia, swali jipya linakutoa jasho. Tatizo liko wapi?

Wakuu, mwaka wangu wa kwanza wa mashindano ya kuandika programu za kompyuta nilikuwa nasoma jibu, naitikia kwa kichwa, naenda swali lingine. Nilijiona fundi. Siku ya shindano nikabaki nakodolea skrini macho. Sasa nafanya hivi.

Hatua ya 1: Karatasi kwanza. Chukua swali 4A la Codeforces (tovuti ya mashindano haya), ambalo wengi huanzia hapo. Tikitimaji lina kilo w, kati ya 1 na 100. Je, linaweza kukatwa vipande viwili, kila kimoja kikiwa na uzito wa namba shufwa? Kilo 8: 2 na 6, sawa. Kilo 5: haiwezekani. Hapo watu huandika "w ikiwa shufwa, YES" na kutuma mbio mbio. Kilo 2 je? Ni 1 na 1, zote witiri. Kabla ya kutuma, jaribu namba ndogo kabisa na kubwa kabisa iliyoruhusiwa. Huko ndiko tunakoangukia.

Hatua ya 2: Soma mipaka. n (idadi ya namba unazopewa) ikifika 200,000 na muda ni sekunde 1, lupu (amri zinazojirudia) ndani ya lupu ni hatua bilioni 40. Usihangaike kuiandika. Na kwenye swali la Increasing Array la CSES (tovuti nyingine ya mazoezi), jibu linaweza kukaribia trilioni 200, wakati namba ya biti 32 inaishia 2,147,483,647. Jibu lisipotoshea humo, njia yako itakuwa sahihi kabisa na bado utakataliwa.

Hatua ya 3: Ukikwama dakika 40 bila wazo jipya, fungua maelezo ya suluhisho, lakini soma sentensi moja moja. Ukipata mwanga, funga urudi kupambana. Ukilazimika kuyamaliza yote, yafunge kisha uandike programu yako bila kuchungulia. Usipoweza, bado hujaelewa, hata kama ulipokuwa unasoma kila kitu kilionekana chepesi.

Hatua ya 4: Daftari. Mstari mmoja tu: ni dalili gani ilinipita? Ukiandika "tumia njia ya kugawa nusu" (binary search: jaribu jibu la katikati, kisha tupa nusu isiyofaa) hujajisaidia. Andika "siku 10 zikitosha, 11 pia zinatosha, kwa hiyo gawa nusu."

Hatua ya 5: Wiki ijayo rudia lile lililokushinda.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, rating yangu (alama za kiwango changu Codeforces) ni 1000. Nichukue maswali ya ugumu gani?*
Jaribu 1100 hadi 1300. Ukiyamaliza yote bila kukwama, umechagua mteremko, panda.

*Nihame lugha ya programu ya Python niende C++?*
Si lazima sasa. Python ni nzito kwenye lupu ndefu, ila maswali ya mwanzo mengi yanapita kama njia ni nzuri.

*Mimi nina simu tu, kompyuta naipata Jumamosi.*
Hatua ya 1, 2 na 4 hazihitaji kompyuta. Hata ICPC, shindano la programu la vyuo vikuu, watu 3 hugawana kompyuta 1 kwa saa 5, wengine wanakuna vichwa kwenye karatasi. Nakili maswali matatu Jumatatu. Jumamosi uende kuchapa tu.