Kupanga mwezi wa rubani wa F-16: kipi kiende angani, kipi kiende kwenye simuleta

Akiba haiozi, lakini saa za kuruka huoza. Rubani mwenye saa 2,000 kwenye daftari lake, akikaa wiki sita bila kupanda ndege, anarudi akiwa mzito wa macho na mkono. Kwa hiyo anayepanga ratiba ya kikosi asianze kwa kuuliza fulani ana saa ngapi. Aulize: mara ya mwisho alifanya nini, na lini?

Saa zina kazi yake, maana bila kiwango cha chini bajeti ya mafuta hukatwa kimyakimya. Nchi za NATO zimezoea kutaja saa 180 kwa mwaka kwa rubani wa ndege vita. Mruko wa mafunzo wa F-16, mojawapo ya ndege vita hizo, bila kujaza mafuta angani, huchukua kama saa moja na dakika 20, hivyo saa 180 ni miruko 135 hivi, yaani 11 kwa mwezi. Lakini kuhamisha ndege kutoka uwanja hadi uwanja kwa saa nne, mitambo ikijiendesha, hujaza daftari tu. Ndiyo sababu Jeshi la Anga la Marekani huhesabu miruko na aina za mazoezi, na kila mwezi hutazama nyuma mwezi mmoja na miezi mitatu. Anayepungukiwa huwekwa chini ya uangalizi, na asipojirekebisha hupoteza hadhi ya utayari wa vita. Asiye mzoefu hudaiwa miruko mingi kuliko mzoefu. Kwa F-16, kizingiti cha kawaida cha uzoefu ni saa 500 kwenye ndege hiyo hiyo.

Chora jedwali. Kila rubani awe na mstari wake, na kila safu iwe zoezi moja: kutua usiku, kukaribia uwanja kwa kusoma vyombo bila kuona nje, kujaza mafuta angani, kupigana ana kwa ana, kushambulia ardhini, injini kuzimika. Ndani ya kisanduku andika tarehe, usiweke alama ya vema. Tarehe inaonyesha ujuzi unavyochakaa, vema inadanganya.

Sasa gawa. Mambo ya hatua kwa hatua, hasa dharura, yaende kwenye simuleta, yaani mashine ya ardhini inayoiga ndege, kwa sababu ndiyo yanayosahaulika upesi na angani hayawezi kujaribiwa yote kwa usalama. Chukua injini kuzimika. F-16 ina injini moja tu, basi rubani anatakiwa ageuze ndege kuelekea uwanja ulio karibu, adondoshe mizigo ya nje, ajaribu kuwasha tena, na wakati huo huo apime kama kimo kinamfikisha. Akifika juu ya uwanja awe na futi 7,000 hadi 10,000, na akiwa nusu ya mzunguko, sambamba na njia ya kutua, futi 3,000 hadi 5,000. Akiwa chini ya hapo na injini haijawaka, asibembeleze ndege: ajirushe nje na kiti chake.

Mkufunzi asiitangaze hitilafu. Aizime injini rubani akiwa futi 25,000 kweupe, siku nyingine futi 8,000 ndani ya wingu huku redio ikimwita. Kosa linaloharibu mafunzo kuliko mengine ni kusimamisha simuleta kila rubani anapokwama. Anajifunza kwamba dunia husubiri. Mwache aende hadi mwisho, hata kama mwisho ni kuanguka, kisha rudieni. Zoezi hilo la kutua bila nguvu lifanywe pia angani, injini ikiwa imepunguzwa tu, kwa sababu upepo halisi na ardhi inayokuja mbio havina mwigo kamili.

Uzito wa G, yaani mara ngapi mwili huwa mzito kuliko kawaida ndege ikikata kona kali, hauna simuleta ya kawaida. F-16 hufika G 9. Damu hukimbilia miguuni, na G zikipanda ghafla ubongo hubaki na oksijeni ya sekunde tano hivi kabla rubani hajazimia, pengine bila macho kumwonya kwa kufifia. Dawa yake ni kukaza mapaja, makalio na tumbo kabla G hazijaingia, kubana pumzi, na kuibadilisha haraka kila baada ya sekunde tatu. Wengi huzimia kwa kuchelewa kukaza au kwa kuitoa pumzi yote. Ustahimilivu huu hushuka rubani akikaa chini, na hushuka zaidi akiwa na kiu au usingizi. Kwa hiyo kabla ya zoezi zito, apige kona mbili za kujipima, ya kwanza kama G 4 na ya pili G 6 au 7. Asipojisikia sawa, zoezi libadilishwe palepale.

Usiku nao ni wa angani. Ndege ikiondoka kwa nguvu zote gizani, sikio la ndani humwambia rubani kwamba pua imeinuka kupita kiasi, naye akiamini husukuma chini kuelekea ardhini. Simuleta isiyo na msukumo ule haiwezi kumzoeza kuukataa.

Jambo moja husahaulika kwenye ratiba: simuleta huchefua. Macho huona mwendo ambao mwili hausikii, na kizunguzungu kinaweza kurudi saa kadhaa baadaye. Aliyewahi kuugua hivyo usimpangie kuruka ndani ya saa 24 baada ya kutoka kwenye simuleta.

Na aliyerudi kutoka likizo ndefu au ofisini? Simuleta kwanza, kwa dharura na vyombo. Kisha mruko wa mchana na mkufunzi, kupaa na kutua mara kadhaa, G za wastani. Mapambano na usiku vifuate baada ya hapo, hata kama ana nyota nyingi begani. Wenye vyeo ndio wanaoomba kurukishwa hatua, na ndio ambao mstari wao kwenye jedwali mara nyingi una tarehe za zamani kuliko zote.