Kuhamia Kanada na santuri zako: anza na orodha

Forodha ya Kanada haina ugomvi na santuri zako. Mhamiaji anaingiza vyombo vyake bila ushuru, alimradi alikuwa navyo na alivitumia kabla hajafika. Ila lazima avitaje siku ile ya kwanza anayotua, hata kama mzigo bado uko baharini. Kwa hiyo andaa orodha mbili: ya ulivyobeba na ya vitakavyofuata. Afisa pale uwanja wa ndege atakutilia kwenye fomu ya BSF186 na kukupa nakala. Itunze na pasipoti, maana ndiyo utakayoitoa mzigo ukifika.

Usiandike tu "santuri, maboksi manne". Mimi niliandika: santuri za inchi 7, taarabu na dansi, zilizotumika, idadi kadhaa, thamani kwa dola za Kanada. Kanda zikapata mstari wao, na gramafoni wake pamoja na namba yake. Thamani ni bei ya kitu kilichotumika, mapenzi yako hayahesabiwi. Ukibeba nakala ishirini za santuri ileile utaulizwa kama una duka; zangu za ziada niliwagawia binamu zangu wa Majengo, na sidhani wamezipiga hata moja.

Sasa sanduku. Fundi wangu Mombasa alishapima mbao nene, za kudumu. Nikamkatalia. Mbao za kufungashia zinadaiwa muhuri wa IPPC, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea, wa kuonyesha kwamba zimepashwa moto kuua wadudu. Plaiwudi haidaiwi, basi tukatumia hiyo. Lakini msimamie fundi: akikupigilia vipande vya mbao kwenye kona ili sanduku likaze, umerudi palepale.

Ndani, santuri zisimame wima, zibanane, zisilaliane, kwa sababu kontena likipigwa jua zilizolala hupinda. Boksi liwe dogo; santuri kubwa (LP) hamsini na majalada yake zinapita kilo 10. Zile za mizunguko 78 kwa dakika, za enzi Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, ni shelaki: zikianguka ni vigae. Hizo panda nazo ndege, kadibodi katikati ya kila moja, na uziandike kwenye orodha ya ulivyobeba.

Ukishatulia, usiuze wala usigawe kitu kabla mwaka mmoja haujapita, la sivyo ushuru uliosamehewa utadaiwa. Wapenda santuri wa Toronto wakikuganda, waambie mwakani.