SOMO: Jinsi ya kusoma tafiti za malaria ya panya na vipokezi vya seli za kinga

Habari wadau, nipo Bagamoyo. Kila wiki naulizwa "mbona panya walioondolewa kipokezi wamepona na vimelea vimejaa damuni?", naandika mara moja hapa, ukiniuliza tena nakutumia linki. Kipokezi ni protini iliyo juu ya seli, inapokea ishara.

1. Kimelea gani? P. (yaani Plasmodium, kimelea cha malaria) falciparum ya binadamu haimshiki panya wa kawaida, wanatumia P. berghei, yoelii au chabaudi.

2. Panya gani? Panya wa ukoo wa C57BL/6 akipewa berghei ANKA (aina moja ya berghei) anapata malaria ya ubongo siku ya 6 hadi 10 hivi, ukoo wa BALB/c kwa kawaida haimpati.

3. Kipokezi kipo kwenye seli ipi?

4. HAPA TULIENI. Nikiwa chuo nilisimama mbele za watu nikasema CXCR3 (kipokezi kimojawapo cha seli za kinga) inasaidia vimelea kuzaliana, kisa panya wasio nayo waliishi. Mwalimu akaniambia fungua grafu ya vimelea, nikakuta mistari miwili, ya panya wenye CXCR3 na wasio nayo, inapanda pamoja, mimi nilikuwa nimeangalia grafu ya vifo tu. CXCR3 iko kwenye seli T, inazivuta kufuata CXCL9 na CXCL10 (protini za kuita seli) mpaka ubongoni, na CD8 (seli T zinazoua seli nyingine) zikifika huko zinaharibu mishipa kwa perforini (protini inayotoboa seli), hicho ndo kinaua. Ukiiondoa, panya anavuka hizo siku ila vimelea vinaendelea, wiki ya 3 hivi anaweza kufa kwa kuishiwa damu. ONYO: kuishi siyo kupona, angalia walimfuatilia mpaka siku ya ngapi.

MASWALI

— Mkuu kwa hiyo tukizuia CXCR3 kwa watu malaria inaisha?
— Rudia namba 4.
— Nimesoma, naomba jibu fupi.
— Haiishi. Vimelea vinabaki palepale.

— Kaka shikamoo, kama CD8 ndo zinaua, mbona watu wa chanjo wanazitafuta?
— Marahaba mdogo wangu, swali zuri sana hili. Wanazitaka kwenye ini, kule zinaua seli zilizoingiwa na kimelea kabla hakijatoka kwenda damuni. Kwa panya hatua ya ini ni kama siku 2 tu. Na tafiti nyingi wanamchoma panya damu yenye vimelea moja kwa moja, ini linarukwa kabisa, so ukisoma angalia pia walimwambukiza kwa njia gani.

— Niongezee, mimi nipo Tanga, slaidi ya damu ya mkiani iacheni ikauke kabisa kabla ya methanoli (spiriti ya kushikiza damu kwenye slaidi), huku pwani unyevu mwingi, ikibaki maji seli nyekundu zinaharibika, unahesabu vimelea hewa.
— Asante dada, methanoli yenyewe chupa ifungwe vizuri, nayo inavuta maji.