Kuwahi kiti kizuri kwenye Caravan ya Unguja

Mimi huvuka Dar–Unguja kila mwezi kufuata vitambaa, na kwenye ndege ndogo nyingi za Cessna Caravan nilizopanda hakuna namba ya kiti. Mlango wa abiria uko nyuma kulia, hivyo anayetangulia ndiye anayechagua viti vya mbele. Fika Terminal 1 ya uwanja wa ndege wa Dar mapema, kaa karibu na mlango wa kutokea, beba begi moja laini, maana sanduku gumu litakuchelewesha ngazini. Inama, dari ya ndani iko chini. Asubuhi chukua kushoto: jua liko kulia, na bawa liko juu, unaona mpaka ngalawa. Kiti cha pembeni ya rubani? Mwombe kwa adabu kabla ya kupanda. Akikuhamisha kwa ajili ya uzito, kubali mara moja.