Mita 50 au 100? Jinsi ya kusoma swali la ukinzani wa waya

Chukua swali hili: "Pampu ya shamba la mpunga kule Ahero iko mita 50 kutoka nyumbani. Inapata umeme wa volti 240 kwa waya wa shaba wa 2.5 na inavuta ampea 10. Tafuta ukinzani wa waya."

Usikimbilie fomula. Chora nyumba, chora pampu, kisha ufuate mkondo kwa kalamu. Mkondo hauishii kwenye pampu, lazima urudi. Kebo ni moja kwa macho, lakini ndani yake laivu inapeleka na nyutro inarudisha, kwa hiyo urefu wa kuhesabu ni mita 100. Waya wa athi, ule wa usalama unaoenda ardhini, uache, kwa sababu mambo yakiwa sawa haupitishi mkondo. Umbali si urefu wa waya, na swali halikukwambia kwamba ni kitu kimoja.

Sasa ile 2.5. Ukiitisha waya wa 2.5 dukani Kisumu, utapewa wenye eneo la mkato la milimita za mraba 2.5. Si kipenyo. Kwa mita za mraba ni 2.5 × 10⁻⁶. Anayeandika 10⁻³ amesahau kwamba kwenye eneo milimita hugeuzwa kuwa mita mara mbili, kwa urefu na kwa upana.

Ukinzani mahususi wa shaba, yaani kiasi shaba yenyewe inavyozuia mkondo, ni karibu 1.7 × 10⁻⁸ omu-mita. Zidisha kwa 100, gawa kwa eneo: omu 0.68. Kwa ampea 10, volti 6.8 zinapotelea njiani na pampu inabaki na 233.2. Aliyetumia mita 50 anapata omu 0.34. Na tazama hatari hii: aliyetumia mita 100 lakini akaidhani 2.5 ni kipenyo anapata karibu 0.35. Makosa mawili tofauti, majibu yanayokaribiana! Kwa hiyo jibu lako kufanana na la jirani si ushahidi kwamba mko sawa.

Wengine hugawa 240 kwa 10 wakapata omu 24. Hiyo ni hesabu ya mzunguko mzima, pampu ikiwemo, wala si ya waya.

Maneno ya kuongeza urefu nayo yanahitaji jicho kali. Waya *mwingine* wenye unene uleule na urefu mara mbili una ukinzani mara mbili. Waya *uleule* ukivutwa hadi urefu huo, unakonda: shaba ni ileile, eneo linabaki nusu, na ukinzani unakuwa mara nne. Nayo "urefu umeongezwa kwa mita 2" si "umeongezwa hadi mita 2".

Ukishindwa kuamua, andika dhana yako juu ya hesabu: "Nimechukua mita 50 kuwa umbali wa kwenda tu, na 2.5 kuwa eneo la kila waya." Msahihishaji akiwa na maana nyingine kichwani, bado ataona umeitumia fomula ipasavyo na mahali hasa mlipoachana.