Gundi ya nyundo ya mbao: tafuta inayonyumbulika

Ukitaka kutengeneza nyundo ya mbao ya kugongea patasi kwa kubandika vipande vitatu vya mninga, usiende dukani kuulizia gundi ngumu kuliko zote. Kila ukigonga, kichwa kizima kinatikisika na maungio yanavutwa kwa ghafla. Gundi iliyokauka kama kioo haiwezi kufuata mtikisiko huo. Inapata ufa, na ufa ukishaanza hausimami.

Kabla ya kununua kopo kubwa, mimi hupima hivi: napaka gundi kidogo kwenye nailoni, naiacha ikauke kabisa, nabandua, kisha naikunja kwa vidole. Ile nyeupe tuliyoizoea, PVA, inapinda na kurudi. Gundi ya unga ya kuchanganya na maji inakatika papo hapo. Supa gluu sahau kabisa kwa kazi hii. Inashika upesi, lakini pigo la pembeni linaiachanisha.

Kwa hiyo nyundo yangu ni PVA. Kama kazi itapata unyevu, soma kopo utafute alama ya kustahimili maji: D3 inavumilia kulowa kwa muda mfupi, D4 inavumilia zaidi. Gundi ya poliyurethani nayo inanyumbuka na haiogopi maji, ila povu inalotoa ikikauka na kujaza mianya lisikudanganye, halina nguvu. Epoksi nyingi za kawaida zikikauka ni ngumu mno. Ukiamua kuitumia, tafuta iliyoandikwa kwamba inastahimili mapigo, na usiikaze kwa klempu (kibanio cha mbao) mpaka ikatoka yote.

Kuna kazi moja ambayo PVA haifai: mbao nyembamba zilizopindwa na kubandikwa ili zibaki na umbo, kama mgongo wa kiti. Pale mbao inavuta muda wote, na PVA huteleza polepole chini ya mvuto huo hadi umbo linafunguka. Nyundo inagongwa kisha inapumzika, ndiyo maana PVA inaimudu.

Gundi nzuri haiokoi mbao mbaya. Tumia mbao iliyokauka, nyuzi zote zielekee upande mmoja, na upige randa siku hiyohiyo ya kubandika. Paka pande zote mbili. Kaza klempu mpaka vitone vya gundi vitokeze mstari mzima. Penye pengo bila kitone, fungua uangalie. Usigonge chochote kabla ya saa 24.

Bandika pia masalia mawili ya mbao ileile, siku ileile. Yakikauka, weka patasi juu ya ungio na upige. Mbao ikipasuka na kuacha nyuzi zimeng'ang'ania pande zote mbili, tia mpini. Ungio likiachia safi, linang'aa, rudia randa au badilisha gundi.