Bodi inagoma kupokea programu? Pima volti kwanza, draiva baadaye

Wadau, huku Mbeya sasa hivi vijana wengi wanatengeneza vidude vya kupima unyevu wa udongo kwa ajili ya mashamba ya parachichi ya Rungwe, na shida inayoletwa mezani kwangu hapa Mwanjelwa ni ileile: ukipakia programu kwenye bodi (kile kikompyuta kidogo kinachoendesha kidude), kompyuta inaandika Connecting, nukta zinajipanga weee halafu inakataa. Mtu keshafuta draiva (programu ya kompyuta ya kuitambua bodi) keshaweka upya, kaazima na laptop ya mwenzie, ila mita haijagusa bodi hata kidogo. Chipu isiyopata volti zake haijibu, hata ufanyeje.

Hatua ya 1: jua chipu ya bodi yako inataka volti ngapi. ESP32 ni 3.3, inavumilia kuanzia 3.0 mpaka 3.6. STM32F103 ni 2.0 mpaka 3.6. Arduino Uno ni 5. Na tafadhali usipeleke 5 kwenye pini ya 3V3 (ya volti 3.3), hapo unaua chipu.

Hatua ya 2: weka mita kwenye volti za DC, alama ya 20, waya mweusi kwenye GND (graundi), mwekundu kwenye 3V3 ya bodi yenyewe, sio kwenye chaji wala kichwa cha USB. Hapa ndo wengi wanashikwa. Bodi nyingi zina regyuleta (ya kushusha volti) ya AMS1117, na hiyo inakula kama volti 1.1 hivi kabla haijatoa kitu, mzigo ukizidi inakula zaidi. Sasa wewe umechomeka betri ya lithiamu kwenye VIN (pini ya kuingizia umeme): ikiwa imejaa ina 4.2, chipu inapata kama 3.1 na programu inaingia vizuri, ikishuka hadi 3.7 chipu inabaki na 2.6 basi inagoma, ndo maana asubuhi ilikubali jioni ikakataa na wewe unalaumu code uliyoandika. Wakati wa kupakia programu toa betri, tumia USB.

Hatua ya 3: acha mita palepale halafu bonyeza Upload, uangalie namba. Ikishuka, badili waya wa USB, chukua mfupi na mnene. Mita ni nzito kusoma, mshuko wa haraka haiuoni, kwa hiyo ukiona 3.1 ujue kuna sekunde ilienda chini zaidi. Kapasita ya 100µF kati ya 3V3 na GND inasaidia sana, angalia tu mstari wa hasi usigeuze. Na serial monita (dirisha la kompyuta linaloonyesha maneno ya bodi) ikiandika Brownout detector was triggered usitafute mchawi, umeme hautoshi.

Hatua ya 4 ni ya wenye ESP-01, kile kibodi kidogo cha Wi-Fi kisicho na USB. Pini ya 3V3 ya adapta ya FT232RL (ya kukiunganisha na USB) inatoa milliampea 50 tu, hiyo haitoshi kabisa Wi-Fi ikiwaka. Ipe umeme wake pembeni halafu unganisha GND zote mbili, bila graundi moja hawasikilizani.

Kwa STM32: ile ST-Link V2 kubwa (kifaa cha kupakilia programu), pini namba 1 inasoma volti za bodi, haitoi umeme. Lazima bodi uiwashe wewe.

Volti zikikaa sawa, kwenye ESP32 shikilia kitufe cha BOOT, bonyeza EN (cha kuwasha upya) uachie, ndo uachie BOOT, kisha Upload. Ikigoma tena hapo sasa ruksa kuhangaika na draiva, au waya wako ni ule wa kuchajia tu.